Ulimeza P2 na mimba ikaingia: mwongozo kamili wa nini ufanye, hatua kwa hatua

Nilimeza P2, ile dawa ya kuzuia mimba baada ya kukutana bila kinga, asubuhi yake tu, hata masaa kumi na tano hayajaisha. Siku ya sita nikaona damu kidogo kwenye nguo ya ndani nikamshukuru Mungu, nikajua siku zangu hizo zimewahi, nimepona. Sikuwa nimepona. Nilikuja kujua nina mimba ikiwa na wiki kumi na moja, sketi za kazini zinabana, chai ya maziwa nimeikataa mwezi mzima, na muda wote huo kila wazo la mimba likija nalifukuza kwa maneno yaleyale, "si nilimeza dawa, na damu si niliiona". Mtoto mwenyewe sasa hivi yuko chekechea, mzima kabisa, mtundu. Ila zile wiki nilizopoteza zinaniuma mpaka leo, ndo maana naandika hii kwa urefu, dada ambaye umekaa na simu saa nane usiku unatafuta "P2 inaweza kufeli" usome mpaka mwisho.

Jibu fupi: ndio, inaweza kufeli, hata kama uliimeza vizuri na kwa wakati.

Kwanza uelewe P2 inafanya nini

P2 tunayoijua (jina limetoka kwenye Postinor 2, ile ya vidonge viwili, japo siku hizi ziko za kampuni nyingi na nyingine ni kidonge kimoja) ndani yake kuna homoni inaitwa levonorgestreli, jumla miligramu 1.5. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisipevuke. Basi. Yaani mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani yako mpaka siku tano zikisubiri yai, dawa inalizuia yai lisitoke mpaka mbegu zife. Kama yai lilikuwa limeshatoka ulipomeza, au lilikuwa kwenye hatua ya mwisho kabisa ya kutoka, dawa haina cha kuzuia. Haiui mbegu, haitoi mimba, haisafishi kizazi. Hii ya kusafisha nimeisikia kwa watu wazima na akili zao, na mimi mwenyewe dada aliyeniuzia dirishani aliniambia "ukimeza hiyo umemaliza", nikaondoka nimeridhika kabisa.

Shirika la Afya Duniani linataja tafiti ambazo kati ya wanawake 100 waliomeza levonorgestreli, waliopata mimba ni mmoja hadi wawili hivi. Ni wachache, ila fikiria kwa siku moja tu Dar nzima zinauzwa ngapi, Nairobi ngapi, Mwanza ngapi. Hao mmoja mmoja ni watu wengi sana, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Sababu za kufeli nazitaja haraka ili ujue, sio ili ujilaumu. Kuchelewa kumeza: ndani ya masaa 72 ndo inafanya kazi vizuri, mpaka siku ya tano inasaidia kidogo, na kila saa inayopita nguvu inapungua. Yai kuwa limeshatoka. Kutapika ndani ya masaa mawili baada ya kumeza bila kurudia dozi. Uzito mkubwa unaweza kupunguza nguvu yake. Dawa nyingine mwilini: za TB zenye rifampisini, za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni, na ARV zenye efavirenzi, hizi zinafanya ini liichome ile homoni haraka (wanaotumia dolutegravir, ambao ndo wengi sasa, hawana tatizo hilo). Alafu ile ambayo inawapata wengi na hakuna anayewaambia: ulimeza Jumamosi, Jumatano mkakutana tena bila kinga ukijua bado umekingwa. Hapana. P2 inashughulika na tendo lililopita. Tena kwa kuwa imelichelewesha yai, lile yai linaweza kutoka siku chache mbele, ukakutana nalo vizuri kabisa.

Kama unasoma hii na siku tano tangu tendo hazijaisha, na una wasiwasi kwamba ulichelewa au ulitapika, acha kusoma nenda kituo cha afya leo uulizie kitanzi cha shaba, lupu. Kikiwekwa ndani ya siku tano kinazuia kwa zaidi ya asilimia 99, hakuna kidonge kinachokifikia. Wengine tuendelee.

Hatua ya 1: Andika tarehe

Kabla hujaenda kununua kipimo, kabla hujampigia mtu, chukua karatasi au fungua sehemu ya kuandika kwenye simu uweke tarehe hizi: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho ya kawaida KABLA ya P2, siku ya tendo, siku na saa uliyomeza, siku uliyoona damu yoyote baada ya hapo na ilikuwaje (matone, kahawia, au nzito kama kawaida yako), na siku nyingine zozote mlizokutana bila kondomu baada ya kumeza.

Najua inaonekana kazi ya darasani wakati wewe moyo unadunda, ila karatasi hiyo ndo itakusaidia kwa nesi, kwenye ultrasaundi, na hata kwenye maneno ya nyumbani. Mimi sikuwa nayo. Nilipoulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho nikataja ile ya damu ya P2, ikaandikwa kwenye kadi, tukaja kusumbuana baadaye.

Damu ya baada ya P2 isikudanganye. Dawa ni homoni, ikiingia na kushuka mwilini inaweza kukutoa matone siku chache baada ya kumeza, na hedhi yenyewe inaweza kuwahi au kuchelewa wiki nzima. Kwa hiyo damu kidogo siku ya tano sio ushahidi kwamba huna mimba, na hedhi kuchelewa siku tatu sio ushahidi kwamba unayo. Kuna na damu nyingine inayowapata baadhi ya wanawake pale mimba inapojishikiza kwenye kizazi, nayo ni matone, nayo inafanana. Kwa macho huwezi kutofautisha, usijaribu. Ishara za mwili nazo ni hivyohivyo, chuchu kuuma, kichefuchefu, uchovu, tumbo kuvuta, P2 peke yake inaweza kuzileta zote siku za mwanzo.

Hatua ya 2: Pima, na upime siku sahihi

Hapa ndo wengi wanakosea kwa haraka. Unameza P2 Jumapili, Ijumaa unapima, kinatoka mstari mmoja, unashangilia. Kipimo cha mkojo, UPT, kinatafuta homoni ambayo mwili unaanza kuitoa baada ya mimba kujishikiza, na hilo linachukua kama siku 6 mpaka 12 tangu yai lipevuke, na yai lenyewe umelichelewesha kwa dawa. Kwa hiyo kanuni ni hii: pima hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja kutoka siku uliyoitegemea, au wiki 3 kamili baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga. Kama damu iliyokuja ni nyepesi au fupi kuliko kawaida yako, pima pia, hata kama ilikuja kwa tarehe yake. P2 haichezei kipimo, haiwezi kukufanya uonekane una mimba wakati huna.

Ukinunua angalia tarehe ya kuisha na kwamba kifuko hakijatoboka. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, usinywe maji jagi zima usiku ili "mkojo utoke mwingi", unaupunguza nguvu. Chovya kijiti kisipite ule mstari wenye mishale, hesabu sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, laza mahali pakavu na usome ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 5. Ukikikuta baada ya nusu saa kimeota kivuli cha mstari wa pili usikitegemee, rudia na kingine. Mistari miwili ndani ya muda ni mimba, hata kama wa pili umefifia kiasi cha kukisogeza dirishani uone vizuri. Mstari mmoja penye C maana yake hakijaona mimba. Hakuna mstari penye C, kimeharibika hicho, tupa.

Kikionyesha huna lakini hedhi bado, rudia baada ya wiki. Ukipata hedhi ya kweli kabisa au kipimo cha wiki 3 kikawa safi, shusha pumzi, na siku hiyohiyo anza njia ya uzazi wa mpango ya kuendelea nayo, sindano, kijiti cha mkononi, kitanzi, vidonge, chochote kinachokufaa, maana P2 kila mwezi haikulindi kama hizo.

Na kama ni mistari miwili, usikimbilie kumeza P2 nyingine "kuisukuma". Haitoi. Mimba ikishakaa, ile dawa haina kazi yoyote kwake.

Hatua ya 3: Uhakikishe mimba iko ndani ya kizazi

Naiweka hii kabla ya kliniki, kabla ya kumwambia mtu, kwa sababu hapa ndo kuna uhai wako. Mimba inaweza kutunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija, na mrija hauwezi kuibeba, ukipasuka unavuja damu kwa ndani. P2 haisababishi hilo, na mimba iliyoingia licha ya P2 hatari yake ya kutunga nje ni kama ya mimba nyingine yoyote, karibu moja au mbili kati ya 100. Tatizo ni kwamba mwanamke aliyemeza P2 ana sababu nzuri ya kuzidharau dalili, anaona matone anasema ni dawa, tumbo linauma upande mmoja anasema ni dawa.

Kipimo kikiwa na mistari miwili alafu una maumivu makali chini ya kitovu hasa upande mmoja, damu isiyoeleweka, kizunguzungu, kuzimia, jasho la baridi, au maumivu kwenye ncha ya bega (hili watu hawalijui, damu iliyovujia tumboni inaligusa lile pazia la chini ya mapafu na maumivu yanatokezea begani), usisubiri asubuhi. Hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo. Tanzania kuna namba 115 ya m-mama, ya bure, kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Ukifika sema wazi: kipimo kinaonyesha mimba, nilimeza P2 tarehe fulani, naumwa hapa. Hatari inakuwa kubwa zaidi kama uliwahi kutunga nje, uliwahi kufanyiwa upasuaji wa mirija au uliugua sana magonjwa ya zinaa.

Kama huna dalili hizo, panga ultrasaundi ukiwa na wiki sita, saba kwenda mbele kwa hesabu ya hedhi. Ukienda mapema sana wiki ya nne hutaona kitu, utatoka na hofu bure na hela imekwenda. Na ukienda muda muafaka wakasema kizazi kitupu ilhali kipimo ni chanya, usikubali kurudi nyumbani na "njoo mwezi ujao". Omba kipimo cha damu cha wingi wa ile homoni ya mimba kirudiwe baada ya masaa 48 waone inapandaje, na urudie ultrasaundi.

Hatua ya 4: Jua mimba ina wiki ngapi kweli

Mimba inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Sio siku mliyokutana. Kwa hiyo siku yai linarutubishwa, kwa hesabu ya hospitali tayari una wiki kama mbili. Ndoa zimeyumba kwa sababu ya hili jamani. Mwanaume amesafiri, karudi, wiki sita baadaye karatasi inasema wiki nane, anakaa anahesabu kwa vidole anasema wiki mbili hizo mimi sikuwepo. Ulikuwa hujabeba hizo wiki mbili, ni namna ya kuhesabu tu. Mwambie aje amuulize nesi mwenyewe, au msomee hii.

Sasa ukiongeza P2 hesabu inavurugika zaidi. Chukua mfano: hedhi ilianza tarehe 1 Machi, mkakutana tarehe 12, ukameza tarehe 13, matone yakaja tarehe 19, mkakutana tena tarehe 21. Ukimtajia nesi tarehe 19 kama hedhi yako, makadirio ya kujifungua yanakuwa tarehe 26 Desemba (unachukua tarehe unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi 3). Ukitaja tarehe 1 ambayo ndo hedhi ya kweli, ni tarehe 8 Desemba. Siku 18 hizo. Kwa mtoto aliyepitiliza tumboni, siku 18 ni nyingi. Na huenda hata tarehe 8 sio yenyewe kwa sababu dawa ilichelewesha yai na mimba imetoka kwenye lile tendo la tarehe 21. Ndo maana ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ina thamani kubwa kwako, inampima mtoto urefu wake na kukupa umri wa karibu kabisa na ukweli. Ya mwezi wa saba haikupi hivyo. Wewe toa tarehe zote mbili, useme "hii ni hedhi, hii ni damu ya P2", iandikwe kwenye kadi.

Hatua ya 5: Kuhusu mtoto

Hili ndo lilinilaza macho. Nililia nikijua nimemuharibu. Levonorgestreli haijaonekana kuleta ulemavu kwa mtoto, haiongezi mimba kuharibika, haimgeuzi jinsia, haimpunguzii akili. Shirika la Afya Duniani liko wazi kwenye hili: kama mwanamke alikuwa tayari mjamzito au dawa ikashindwa, haimdhuru mtoto. Mtu yeyote, awe shangazi awe wa famasi, akikwambia "toa hiyo imeshaingia sumu", hajui anachosema.

Vinavyoweza kumdhuru ni vingine, na hapo ndo zile wiki kumi na moja zinaniuma, kwa sababu nilikuwa nakunywa pombe wikendi na sikugusa folik asidi. Kwa hiyo leo: acha pombe na sigara. Ukiumwa kichwa meza panadoli, weka pembeni diklofenaki na ibuprofeni. Ukihisi malaria pima kwanza na useme una mimba kabla hujaandikiwa dawa, usinunue doksi wala antibayotiki yoyote ya kubahatisha. Kama unatumia dawa za kifafa (hasa valproeti), za presha, za kisukari, USIACHE ghafla mwenyewe, ila nenda kwa daktari wiki hiihii zibadilishwe kama inabidi. ARV endelea nazo bila kukosa hata siku moja, ndo zinamlinda mtoto. Kama mimba imeingia na kitanzi kiko ndani, nenda kituoni kitolewe mapema, kukiacha kunaongeza hatari ya maambukizi na mimba kuharibika.

Hatua ya 6: Akili yako, na watu

Jipe siku mbili tatu za kulia. Ulijitahidi kujikinga, dawa imeshindwa, una haki ya hasira. Alafu chagua mtu mmoja. Mmoja, sio kundi la WhatsApp. Awe dada, mama mdogo, rafiki ambaye siri inakaa kwake, au nesi wa kituo. Ukibaki na hili peke yako mwezi mzima utafanya maamuzi ya hofu.

Mwanaume aliyekupa mimba ukimwambia anaweza kusema "si ulimeza?" kwa sauti ya kukushtaki. Mwonyeshe tarehe zako. Usimwambie mkiwa barabarani wala kwa meseji saa sita usiku. Na kama unajua ni mtu wa kupiga, mwambie mbele ya mtu mzima au usimwambie kwanza.

Kama mimba imetokana na kubakwa, nenda hospitali na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, hata kama muda umepita. Ikitokea kwa mwingine unayemjua, awahi ndani ya masaa 72 apate dawa za kinga ya VVU pamoja na P2. Chini ya miaka 18, namba 116 ni bure Tanzania na Kenya. Kenya kwa ukatili wa kijinsia ni 1195.

Na sasa lile ambalo wengi wanakuja nalo. Sitakuhubiria. Sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 150 mpaka 152, inakataza kutoa mimba, isipokuwa pale inapofanyika kuokoa maisha ya mama. Kenya, katiba ya 2010 ibara ya 26 inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini. Kama unaona afya yako iko kwenye hali hiyo, hilo ni la kuongea na daktari hospitalini, uso kwa uso. Ninachokuomba kwa magoti ni usiende kwa mtu wa chumba cha uani, usinywe majivu, jiki, klorokwini wala majani ya kuchemsha, na usimeze vidonge vya kuuziwa kimyakimya na mtu asiyejua mimba yako ina wiki ngapi wala iko wapi. Mimba ikiwa kwenye mrija vidonge hivyo havitaitoa, utaona damu utadhani imetoka, kumbe mrija unaendelea kutanuka. Damu inakudanganya mara ya pili.

Mimba ikiharibika, kwa sababu yoyote ile, na unaloweka pedi mbili kwa saa moja na saa inayofuata vilevile, au una homa, uchafu unanuka, tumbo linakaza, nenda hospitali. Huduma ya baada ya mimba kuharibika ipo na ni halali, na useme ukweli wa ulichotumia ili wakutibu sawasawa.

Hatua ya 7: Kliniki, na uwahi

Ukishaamua kuendelea, nenda kliniki ya mama na mtoto kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mahudhurio 8, zamani yalikuwa 4. Usisubiri tumbo lionekane, mila yetu ya kuficha mimba mpaka mwezi wa tano inatugharimu. Kama mwenzio anaweza, nendeni wote, maana kuna vipimo vya kwake pia. Kama hataki au hayupo nenda peke yako, una haki ya kuhudumiwa, ukisumbuliwa kwamba urudi na mwanaume omba kuongea na mkuu wa kituo.

Siku ya kwanza utapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu, kundi la damu, malaria, mkojo, presha na uzito. Ukiwa kundi hasi (lile lenye alama ya kutoa, kama O-) uliza kuhusu sindano ya kulinda mimba zijazo, hasa kama umetokwa damu. VVU utapimwa tena mbele, na hili kwako ni muhimu, kwa sababu kama P2 ilihitajika basi kondomu haikuwepo au ilipasuka. Utapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini chuma na folik asidi, meza kila siku usiku na chakula kama vinakuchafua tumbo, sio pamoja na chai maana chai inazuia madini yasiingie. Chanjo ya pepopunda. Chandarua. SP ya kuzuia malaria inaanza kuanzia wiki ya 13, sio kabla, ndo maana umri sahihi wa mimba tulioutafuta hatua ya 4 una kazi, na mwenye kutumia septrini hapewi SP.

Nesi akikuuliza kama mimba ilipangwa, sema ukweli, ulimeza P2. Sio kesi. Nilificha na ndo chanzo cha tarehe zangu kukosewa.

Hatua ya 8: Shule na kazi

Kwa mwanafunzi Tanzania: Novemba 2021 serikali ilitoa ruhusa kwa waliopata mimba kurudi kwenye shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Kenya utaratibu wa kurudi shule upo tangu miaka ya 90. Mzazi au mlezi aende aongee na mkuu wa shule mapema, msiishie kwenye kukimbia kimyakimya, kukimbia ndo kunafanya kurudi kuwe kugumu.

Kwa mwajiriwa, sheria ya ajira Tanzania inakupa likizo ya uzazi siku 84 kwa malipo, siku 100 kwa mapacha, na unatakiwa umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, kwa maandishi ukiambatanisha karatasi ya daktari. Baba ana siku 3. Kenya ni miezi mitatu kwa malipo. Weka nakala ya barua yako.

Hatua ya 9: Njia ya uzazi, ipange kabla hujajifungua

Usisubiri mtoto atimize mwaka. Ongea na nesi ukiwa na mwezi wa saba, iandikwe kwenye kadi. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya masaa 48 baada ya kujifungua, ukiwa hukohuko hospitali, ukipitisha hapo unasubiri mpaka wiki ya nne. Kijiti nacho unaweza kuwekewa kabla hujaruhusiwa hata kama unanyonyesha, na hakikatishi maziwa. Sindano kwa anayenyonyesha kwa kawaida ni kuanzia wiki ya sita. Kunyonyesha kwenyewe kunakinga ila kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maji, na hujaona hedhi. Moja likivunjika, kinga imeondoka. Mimi niliwekewa kijiti siku ya pili, kabla hata sijavaa nguo za kurudia nyumbani, mama yangu amembeba mtoto pembeni anashangaa "hivi unaharaka gani", nikamwambia nitakuelezea nyumbani.